Muulize Fundi: Spika nane za saraundi kwenye risiva moja

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina banda la kuonyesha mpira huku Mbagala, lina urefu wa mita 12 na upana mita 6, watu wanakaa kwenye mabenchi. Nina risiva ya 5.1 (ya spika tano na sabufa moja) niliyonunua mtumba, mbele nimefunga spika mbili kubwa na ile ya katikati chini ya skrini, sabufa ipo, na saraundi mbili ziko ukutani, moja kulia moja kushoto, katikati ya banda. Shida ni kwamba zile kelele za uwanjani wanazisikia waliokaa katikati tu, wa mbele na wa nyuma wanaambulia kidogo. Basi nikanunua spika zingine sita zinazofanana kabisa na zile mbili, zote 8 omu, nataka kila ukuta uwe na nne. Jirani yangu anayefunga redio za magari akaniambia niunge zote nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ziishie kwenye tundu moja la saraundi. Nikaanza na ukuta mmoja, ikapiga vizuri kama dakika 20 halafu risiva ikazima yenyewe, taa nyekundu inawakawaka. Nikiiacha ipoe inawaka tena. Je imekufa? Au nguvu yake ndogo ninunue kubwa zaidi?
Mwenye banda, Mbagala

JIBU: Marahaba kaka. Risiva haijafa na wala haina kosa, imejiokoa. Hiyo taa inayowakawaka ni proteksheni, imeona mzigo umezidi ikajikata kabla transista hazijaungua. Kwahiyo kabla ya mechi ya leo chomoa zile tatu ulizoongeza, acha moja moja kila ukuta kama zamani, halafu utafunga upya taratibu siku ambayo huna wateja. Na usinunue risiva nyingine, hela hiyo ntakuonyesha pa kuipeleka.

Ishu yote iko kwenye omu. Watu wengi wanauliza wati tu, spika wati ngapi, risiva wati ngapi, wakati kinachoua risiva za watu hapa mjini ni omu. Omu ni ukinzani, yaani spika inavyoubana umeme usipite hovyo. Ukiunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, hiyo ndo paraleli, na kwenye paraleli kila spika unayoongeza ni mlango mwingine umeufungulia umeme upite. Mbili za 8 zinakuwa 4, nne zinakuwa 2. Sasa geuza risiva yako, pale nyuma kwenye tundu za spika kuna maandishi madogo, risiva nyingi zimeandikwa 6 mpaka 16, chache zinaruhusu 4. Wewe umeipa 2.

Piga hesabu uone. Risiva ikitoa volti 20 kwenye spika moja ya 8 omu zinapita ampea 2.5, hizo ni wati 50. Volti hizohizo 20 kwenye 2 omu ni ampea 10, wati 200, tena ni tundu moja tu, ukija kufunga ukuta wa pili hivyohivyo ni 200 zingine. Transfoma na transista za risiva ya kawaida hazikutengenezwa kubeba hivyo, na sauti ikipanda goli likifungwa ndo zinazidi kukamuliwa. Jirani yako hakukudanganya kwa makusudi, kwenye magari watu wanashusha omu kila siku kwasababu amplifaya nyingi za gari zinakubali 2, ila risiva ya nyumbani ni kitu kingine kabisa.

Habari njema ni kwamba spika nne kwa kila ukuta inawezekana, na bahati yako zote zinafanana na zote ni 8. Unachanganya paraleli na sirizi, yaani spika moja inaifuata nyingine kwenye njia moja ya umeme. Hesabu spika za ukuta mmoja kuanzia mbele, 1, 2, 3, 4. Waya wa nyekundu ya risiva uende kwenye nyekundu ya spika 1. Nyeusi ya spika 1 iende kwenye nyekundu ya spika 3. Nyeusi ya spika 3 irudi kwenye nyeusi ya risiva. Hapo una sirizi ya spika mbili, omu 16. Fanya hivyohivyo kwa spika 2 na 4, nayo ni 16. Hizo sirizi mbili zikikutana kwenye tundu la risiva zinakuwa paraleli, 16 na 16 zinarudi kuwa 8. Risiva inaona spika moja ya 8 omu kama kawaida yake, haijui kama ukutani ziko nne.

Utaniuliza kwanini 1 na 3 badala ya 1 na 2 ambazo zimekaribiana. Kwenye sirizi koili ya spika moja ikikatika mwenzake naye ananyamaza, kwahiyo ukiunga za jirani siku moja ikifa benchi nzima za mbele zinakosa sauti. Ukiruka moja, zitabaki 2 na 4 zinapiga na wateja wako hawatajua mpaka mechi iishe. Waya unaongezeka kidogo lakini mi hufunga hivyo siku zote.

Kabla hujachomeka kwenye risiva chukua mita, weka kwenye omu, pima zile ncha mbili zinazotoka ukutani. Usitegemee isome 8 kamili, mita inapima kwa umeme wa betri yake na spika ya 8 inasoma 6 na ushee mpaka 7 hivi. Ikisoma 6 au 7 uko sawa. Ikisoma 12 au 13 basi sirizi moja haijashika, kuna waya umeachia mahali. Ikisoma 3 au chini ya hapo umekosea kuunga, usiwashe. Vipimo hivyo vinachukua dakika 5, na vinaokoa risiva.

Halafu nyekundu na nyeusi usizichezee. Spika moja ikigeuzwa wakati mwenzake anasukuma yenyewe inavuta, sauti zinauana, unabaki na kitu chembamba hakina mwili. Kama alama zimefutika kwenye hizo za mtumba, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye ncha moja na hasi kwenye nyingine, mara moja tu uachie, uangalie karatasi ya spika. Ikiruka kuja nje, pale ulipogusa chanya ndo nyekundu. Ikiingia ndani, ni kinyume chake. Weka alama kwa maka pen hapohapo usije ukasahau.

Nguvu usiogope. Kweli kila spika itapata robo ya wati za mwanzo, lakini ziko nne, na sasa kila mteja ana spika karibu na sikio lake. Mbona kumbi za sinema zimefanya hivi miaka na miaka, ukutani zimepangwa spika kibao na zote zinapiga chaneli ileile ya saraundi. Mfumo wa sauti wa Dolby Atmos ulipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 ndo kila spika ya ukutani ikaweza kupewa sauti yake peke yake. Kwahiyo ulichokuwa unakitaka ni kitu sahihi kabisa, njia ya kufunga tu ndo ilikuwa mbaya.

Waya sasa. Banda la mita 12, ukipandisha na kushusha na kukwepa mlango ni mita 15 kwenda, na umeme unaenda na kurudi kwahiyo ni mita 30 za shaba. Ukitumia vile viwaya vya nusu milimita ya mraba vinavyouzwa bei chee, hapo peke yake una kama omu 1 imekaa njiani inakula sauti na kutoa joto la bure. Waya wa 2.5 kwa urefu huohuo ni omu 0.2 tu. Hela uliyotaka kununulia risiva nunulia waya huo, na kwangua ncha uangalie, ikiwa nyeupe ndani na wekundu ni wa juujuu tu basi hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inabana umeme zaidi, chukua nene zaidi au achana nayo.

Ukishafunga ingia kwenye menyu ya risiva. Saraundi ziweke SMALL na mkato (crossover) uwe 80 Hz, hapo besi yote inahamia kwenye sabufa na risiva inapumua, hii peke yake inapunguza mzigo sana. Kisha kwenye umbali wa spika, na hapa wengi wanakosea, wanapima kutoka benchi la katikati. Banda lako ni refu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani kutoka kwenye skrini mpaka benchi la nyuma inachukua milisekunde 35, wakati saraundi namba 4 iko juu ya kichwa cha mtu wa nyuma inamfikia mara moja. Mtu huyo anasikia ukuta kabla ya skrini, mtangazaji anakuwa kama anaongea mgongoni kwake. Dawa yake ni kupima kutoka kwenye benchi la mwisho, spika za mbele waambie ziko mita 12, saraundi waambie mita 3, na risiva itazichelewesha saraundi kama milisekunde 26. Wa nyuma atasikia skrini na ukuta karibu kwa wakati mmoja, na wa mbele hatashtuka kwasababu ucheleweshaji mdogo kama huo sikio linauunganisha na sauti ya mbele. Jaribu siku banda likiwa tupu, nenda kaa benchi la nyuma kabisa usikilize mtangazaji anatokea wapi.

Na dikoda yako hakikisha inatoa sauti ya Dolby kwenda kwenye risiva, sio stereo tu, manake mechi ikirushwa kwa 5.1 kelele za uwanja zinawekwa nyuma na mtangazaji anabaki katikati. Kama ni stereo basi iwashe Pro Logic au chochote cha namna hiyo kilichomo, itajaribu kuzitenganisha.

Jambo moja la mwisho kwako na naliomba sana. Akija mtu akakwambia hiyo proteksheni inasumbua ngoja niiruke, mkatalie. Nilipokuwa najifunza kazi mtaani Gerezani, Dar es Salaam, ililetwa risiva kutoka kwenye ukumbi wa harusi, kuna fundi alikuwa ameunganisha waya juu ya rilei, ile swichi ya ndani inayokata spika, ili isikate tena. Tulipofungua mfuniko harufu ilijaa kibanda kizima, ubao umepiga rangi ya kahawia kama mkate ulioungua, transista nne zimetoboka, na kwasababu hakukuwa na kitu cha kukata, umeme wa moja kwa moja ulikuwa umepita mpaka kwenye spika na kuchoma koili zake zote mbili. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda kimya anaangalia. Kile kifaa ndo kilikuwa kinamsomeshea watoto. Tangu siku ile mi siruki proteksheni ya mtu hata anilipe nini.


SWALI: Fundi habari za kazi. Nilikuwa na hom thieta ya zile zinazokuja na deki na spika tano ndogo pamoja na sabufa, deki ikafa. Shemeji yangu kaniletea risiva iliyotoka Japani na spika mbili nzuri za mbele. Nataka nitumie zile ndogo nne kama saraundi, mbili mbili kila upande maana sebule yangu ina umbo la L. Nyuma ya hizo spika imeandikwa 3 omu. Na ile sabufa yake je naichomeka wapi?
Mama watatu, Tanga

JIBU: Nzuri dada. Umefanya vizuri sana kusoma nyuma ya spika kwanza, ungejua ni wangapi hawasomi. Zile spika za seti ni 3 au 4 omu kwasababu zilitengenezwa kwa ajili ya deki yake tu, ukichomeka moja peke yake kwenye risiva iliyoandikwa 6 utaichosha, ukichomeka mbili kwa paraleli inakuwa 1.5 na hapo umeiua. Lakini wewe unazitaka mbili mbili kila upande, na hapo umepatia bila kujua, ziunge kwa sirizi, nyeusi ya kwanza kwenye nyekundu ya pili, 3 na 3 ni 6. Risiva inafurahi na sebule yako ya L inapata sauti kwenye kila kona. Hakikisha tu zote nne ni za aina moja, ile ya katikati ya seti mara nyingi ni tofauti kwahiyo usiichanganye na hizo, kwenye sirizi spika zisizofanana zinagawana sauti vibaya, hii inakula kubwa ile inabaki na masazo.

Zile plagi zake za rangi hazitaingia kwenye risiva, kata, menya waya sentimita moja, sokota vizuri kusibaki uzi hata mmoja umetoka nje. Uzi mmoja wa nyekundu ukigusa nyeusi ni shoti.

Sabufa ya seti ni ya kimya, haina amplifaya ndani, haina waya wa kwenda ukutani. Ile tundu ya SUBWOOFER kwenye risiva inatoa ishara ndogo tu ya kuipelekea sabufa yenye amplifaya yake ndani, kwahiyo ukiichomeka yako pale hutasikia kitu. Iweke pembeni kwanza, waambie kwenye menyu kwamba sabufa hakuna na zile spika mbili za mbele ziweke LARGE, zitapiga besi zenyewe mpaka utakapopata sabufa ya umeme.

Sasa lililonifanya nishtuke kwenye swali lako ni neno Japani. Umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Kabla hujaichomeka ukutani angalia nyuma palipoandikwa volti, kama ni 100 tupu nunua transfoma ya kushusha 230 kuja 100, na iwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa pale nyuma, kama imeandikwa 250 chukua ya 500 ili isichemke. Ukiipiga 230 bila transfoma haitangoja hata swali la omu. Muulize na shemeji kama transfoma alikuja nayo, wengine inabaki kwenye boksi.


SWALI: Asalaam alaykum. Mimi niko Kisauni, nina risiva ya 7.2, natumia 5.1 tu ndani. Nataka kuongeza spika mbili barazani ili jioni nikae nje nisikilize taarab na watoto waendelee na filamu zao ndani. Nimeona kuna tundu za Speaker B, ndizo hizo? Pia nilitaka sabufa ya pili, je naweza kutumia ile waya ya Y inayogawa tundu moja kuwa mbili?
Baba wa Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Speaker B sio hizo, B inapiga kilekile kinachopigwa na A, utakaa barazani unasikiliza filamu ya watoto. Halafu soma chini yake, mara nyingi imeandikwa ukiwasha A na B pamoja kila spika iwe na omu kubwa zaidi, mambo ya paraleli yaleyale.

Unachokitaka wewe ni Zone 2. Risiva yako ina amplifaya saba na unatumia tano, mbili zimelala. Ingia kwenye menyu utafute Amp Assign, chagua Zone 2, na zile tundu za saraundi ya nyuma zinageuka kuwa za barazani, zenye sauti yake na voliyumu yake. Angalia kitu kimoja, risiva nyingi hasa za zamani hazipeleki Zone 2 kitu kilichoingia kwa HDMI, zinapeleka kile kilichoingia kwa zile tundu nyekundu na nyeupe tu. Kwahiyo simu au redio yako ya taarab iingize kwa hizo, na usihangaike kutafuta kosa pengine. Spika za barazani usiweke za ndani, chumvi ya bahari inakula koni na skrubu, tafuta zilizotengenezwa kukaa nje, na iwe 8 omu.

Waya wa Y kwa sabufa tumia bila wasiwasi. Ni paraleli pia, ndiyo, lakini pale risiva haitoi nguvu, inatoa ishara tu, na tundu ya kuingilia ya sabufa ina ukinzani wa maelfu ya omu, mara nyingi 10,000 na zaidi, hata ukiziunga mbili risiva haihisi kitu. Usiziweke zote kona moja. Moja iache mbele, nyingine ipeleke ukuta wa upande wa pili, halafu kaa kwenye kiti chako na watoto waihamishe nusu mita nusu mita mpaka besi isikike sawa pale ulipokaa na pale wanapokaa wao.